Msumari wa Tano

Sikusoma sana, lakini kuhesabu mpaka tano najua.

Mwaka wa tisini na saba nilikuwa napepeta kunde hapa nyumbani Siakago, mtoto wangu Salesio akaingia ameinama kama mwanamke aliyebeba kuni. Mgongo na homa. Eksirei ya Embu haikuonyesha kitu. Mganga Rwamba akamchanja, akasema amerogwa na jirani yetu Mukiri.

Watu hawakungoja. Mchana, jua likiwaka, walimpiga Mukiri mawe na fimbo mpaka meno yakamtoka, wakamsukumia ndani ya nyumba yake. Salesio, na huo mgongo wake mbovu, akapigilia mlango. Misumari mitano. Mimi ndiye nilikuwa nampatia, mmoja mmoja. Halafu nyasi ya paa ikawashwa.

"Mama Salesio," Mukiri akaniita kutoka ndani, polepole, "si tulikuwa tunalima pamoja?"

Nikasogea mbali na moshi.

Mgongo haukupona. Miguu ikaanza kufa ganzi, ndipo tukampeleka Nairobi kwa ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili.

"Ana chuma chochote mwilini?" daktari akauliza.

"Chuma kitoke wapi? Kigumu ni kichwa tu."

Picha ikatoka. Daktari akaonyesha doa jeupe katikati ya mifupa miwili ya uti wa mgongo. "Huu ni usaha. Ni vidudu vinakula mfupa. Mmewahi, Mama. Akipata dawa, atatembea."

Salesio akanong'ona, "Basi Mukiri hakuwa mchawi."

"Nyamaza."

Wakamdunga dawa ya kung'arisha picha, wakamrudisha ndani. Mashine ikaanza kugonga. Ko. Ko. Kama nyundo. Nikahesabu. Ya tano, akapiga mayowe. Nyama ikapasuka. Damu ikaruka mpaka kwenye kioo nilichokuwa nachungulia. Kitu kikamchomoka mgongoni, kikagonga ukuta wa mashine, kikanata hapo.

Msumari. Mweusi. Umeshika majivu ya nyasi.

Daktari alirudia kuitazama ile picha ya kwanza mara tatu. Msumari haukuwemo.

Salesio hatatembea tena. Niliporudi nyumbani nilienda kwa Mukiri. Mlango ulikuwa chini, umeungua nusu. Misumari minne ilikuwa mahali pake. Nikatia kidole kwenye shimo la tano.

Kikatoka na usaha. Bado una joto.