Mama Mkwe wa Kukodi

Nilijua mchumba wangu ni mwongo nikiwa na nyama mdomoni na wazazi wangu kando yangu!

Ilikuwa siku ya familia mbili kutambulishana, katika chumba cha faragha cha mgahawa mmoja hapa Daegu, Korea Kusini. Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu.

Mama yake Tae-gyeom, mchumba wangu, alivaa hanbok ya kijivu, vazi la jadi. Mpole. Kila neno lake limepimwa.

Ghafla mama yangu mdogo, Ok-bun, akaweka vijiti vya kulia chini.

"Samahani, dada. Mwaka jana hukuwa Ulsan, kwenye harusi ya mtoto wa rafiki yangu?"

"Mimi? Hapana..."

"Ulikuwa mama wa bwana harusi! Ulilia mpaka wanja ukachuruzika!"



Tae-gyeom akainuka. "Naenda kupokea simu."

Simu haikuwa imeita.

Yule mama akawainamia wazazi wangu. "Nisameheni. Mimi hukodishwa kwa shughuli kama hizi. Kijana aliniambia wazazi wake wamekufa, anaona aibu kukaa peke yake."

Wamekufa? Mimi aliniambia wako hai!

Baba hakufoka. Alivaa viatu vyake, akaondoka. Hilo liliniuma kuliko kofi.

Nyumbani nikakumbuka maboksi ya zabibu. Kila Septemba yalifika kutoka mji wa Yeongcheon. Tae-gyeom alisema yanatoka kwa mwalimu wake wa zamani. Boksi la mwaka huu lilikuwa bado jikoni, na namba ya mtumaji juu yake.

Nikapiga, akapokea mwanamke.

"Shikamoo. Mimi ni Ha-rim, mchumba wa Tae-gyeom..."

"Ha-rim?! Mwanangu! Umeanza kuongea?"

Nikavuta kiti nikakaa, yeye akaendelea.

"Si alisema ulipasuliwa koo? Kwamba huongei, wala hutaki wageni? Mimi mama yake nakuchagulia zabibu laini ili umeze bila shida!"

Hapo nililia, wasomaji wangu. Mama yake alikuwa hai, mkulima wa heshima, mwendo wa saa moja tu kwa basi. Hakukuwa na la kuficha! Ukweli ungemfaa kuliko uongo.

Mama yake akanieleza taratibu. Uongo ulianza shule ya msingi. Baadaye daktari alisema mwanawe ana tatizo la haiba, yaani maradhi ya akili yanayoathiri tabia. Si kila mwenye tatizo hilo hudanganya, lakini Tae-gyeom uongo humtoka kabla hajaufikiria. Anaogopa kwamba akionekana alivyo, ataachwa.

"Kwa hiyo hanichukii, mama?"

"Akuchukie? Wale asiowajali, yeye hawadanganyi hivyo."

Siku nne baadaye Tae-gyeom alipiga magoti mlangoni kwangu.

"Nimebadilika, Ha-rim! Leo asubuhi nimeanza matibabu. Daktari amenisikiliza saa mbili nzima!"

Machozi yalikuwa ya kweli. Nusura nimkumbatie...

Lakini ilikuwa Chuseok, sikukuu ya mavuno. Watu wote walikuwa makaburini kwa mababu, na kliniki zimefungwa.

"Daktari gani anafanya kazi leo?"

Akafuta machozi. Hakusita hata kidogo.

"Ni mgeni, ametoka Kanada. Hasherehekei."

Nikafunga mlango. Harusi nikaivunja.

Wengi mnaniuliza kama namchukia. Hapana. Nimemwelewa, na kumwelewa kumeniondolea hasira. Lakini kumwelewa hakukunilazimisha kuolewa naye.