Aliyemfunga Mwalimu Bendeji

Maiti ilikuwa imefungwa bendeji.

Hilo ndilo lililomkera Inspekta tangu alipovuka kizingiti. Katika kazi hii alikwisha ona maiti za kila namna: zilizofichwa, zilizotelekezwa, zilizofunikwa kwa magazeti. Hakuwahi kuona iliyouguzwa.

Marehemu alilala chali juu ya mkeka, mikono imenyooka ubavuni, vile vile alivyozoea kuwalaza wagonjwa wake. Watu walimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha kupumua. Waliomjia walikuwa wenye pumu ya ngozi, wenye magamba, wenye mabaka yasiyosikia dawa; watu waliokwisha kata tamaa na hospitali, au hospitali ikakata tamaa nao. Aliwalaza, akawafumbisha macho, akawaambia kwamba ngozi hulia yale ambayo mdomo umeyameza. Kisha akawapa kikopo cha mafuta ya majani.

Sasa kichwa chake kilizungushiwa bendeji safi, iliyoloa damu upande mmoja wa kipaji. Kando yake palikuwa na beseni la maji na mchi wa kutwangia. Kwenye kona, spika ndogo ilikuwa ikinyesha mvua ya kurekodiwa, shwaa, shwaa, bila kukoma.

"Koplo, izime hiyo mvua kabla hatujaloa," alisema Inspekta.

Koplo, mwanamke mwepesi wa mikono na wa ulimi, aliizima. "Na wewe afande acha kujikuna. Utatuachia ngozi yako kwenye eneo la tukio, tukukamate bure."

Inspekta akaficha viganja mifukoni. Vilimpasuka tangu akiwa mtoto, vikapona, vikapasuka tena. Mkewe alikuwa amemsihi kwa miezi aje kwa Mwalimu huyu huyu. Kila mara alisema atakuja. Haya, amekuja.

Rafuni vilipangwa vikopo vya mafuta. Alikifungua kimoja. Yalikuwa laini, yananukia majani mabichi. Kidole chake kilisogea chenyewe hadi karibu kuyagusa. Akarudisha kifuniko haraka, kama aliyefumaniwa.

"Vyote ni vielelezo," alisema. "Kimoja kiende maabara, vingine kabatini. Chumba kifungwe."

Mpokezi wa Mwalimu alikuwa kwenye benchi la wagonjwa, kashika tama.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kununua sabuni."

"Ulimwacha na nani?"

"Peke yake. Hakukuwa na mgonjwa."

"Mlango?"

"Haufungwi. Alisema mwenye maumivu asipige hodi."

"Wewe ndiye uliyemfunga bendeji?"

"Mimi? Mimi nikiona damu naanguka, afande. Nilianguka hapo hapo mlangoni. Muulize fundi viatu wa hapo nje, ndiye aliyenimwagia maji."

"Alikuwa na adui?"

Mpokezi akatazama sakafu. "Daktari wa ngozi wa hospitali kuu. Alikuja juzi, akafoka mbele ya wagonjwa. Akasema, 'Nitakufunga wewe, au nife mimi.'"

Mtaalamu wa uchunguzi wa maiti hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Pigo moja, kwa mchi. Damu imevujia ndani ya fuvu. Hakufa papo hapo."

"Na bendeji?"

"Alifungwa akiwa bado anapumua. Lakini tazama hapa. Tabaka la ndani limeloweshwa maji, likakamuliwa. La juu ni kavu. Hakuna pini, hakuna plasta, ncha imekunjwa na kuchomekwa tu. Kidonda cha kichwa hakifungwi hivi. Aliyefanya hivi ana ujuzi mkubwa, ila wa kitu kingine."

Inspekta alikwenda na bendeji ile, ndani ya mfuko wa plastiki, hadi hospitali kuu. Daktari wa ngozi alikuwa mama wa makamo mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Foleni ilitoka mlangoni kwake mpaka uani.

"Ulimtishia marehemu," alianza Inspekta.

"Nilimtishia, ndiyo. Siku aliyokufa nilikuwa hapa hapa na watu hawa wote. Waulize."

"Ulimchukia kwa kuwa anafundisha kupumua?"

"Kupumua si uongo. Mwenye wasiwasi hujikuna zaidi, na anayejikuna huongeza wasiwasi. Hata mimi huwaambia watulie, wapumue, walale. Wengine hupata nafuu ya kweli." Alisugua macho. "Uongo ni kumtafutia mgonjwa mtu wa kulaumu. Kwa huyu alilaumiwa mume, kwa yule bosi. Ndugu waligombana. Na yeye aliamini, Inspekta. Tapeli utamfukuza mchana kweupe. Mwenye imani utamfanya nini?"

Inspekta aliweka mfuko mezani. "Hii ni nini?"

Daktari aliitazama kitambo. Sauti yake ikabadilika.

"Imelowa chini, kavu juu. Huwafundisha kina mama kuwafunga hivi watoto wenye pumu ya ngozi kali. Maji yanatuliza mwasho. Pini hatutumii, zinakwaruza."

"Ni kina mama wangapi?"

"Wengi." Akaugeuza mfuko. "Lakini wengi hukosea pale mwisho, panalegea. Huyu hakukosea. Amefunga miaka na miaka."

"Unamjua."

Daktari aliinuka, akaufunga mlango uliokuwa wazi kwa foleni.

"Kuna fundi cherehani. Binti yake nilimpokea akiwa hajaanza kutambaa. Mwezi uliopita mama huyo alikuja peke yake. Akaniuliza, 'Daktari, eti mama anaweza kuwa ugonjwa wa mwanawe?' Nilikuwa na watu hao unaowaona. Nikamwambia sina muda wa mambo ya waganga." Alishika ukingo wa meza. "Neno moja tu lingetosha. Hapana, mama. Basi."

Nyumba ya fundi cherehani ilikuwa safi kiasi cha kutisha. Hapakuwa na zulia wala pazia, maana vumbi lingejificha humo. Kwenye kitanda cha chumba cha ndani shuka la pamba lilikuwa limechemshwa na kunyooshwa, na mto haukuwa na alama ya kichwa. Nguo za kike zilining'inia ukutani, zote mishono yake ikitazama nje.

Koplo alilishika gauni moja. "Mama, hizi umezishona nje ndani?"

"Mshono ukikaa ndani unamkwaruza," alijibu mwanamke yule. Alikuwa mwembamba, nywele zimeanza mvi. Hakuuliza wamefuata nini. "Kaeni. Niliwasubiri. Nilitaka kuja mwenyewe, miguu ikakataa."

"Una haki ya kunyamaza," alisema Inspekta. "Utakalosema linaweza kutumika dhidi yako mahakamani."

"Nimenyamaza sana, baba. Andika."

Koplo akafungua karatasi.

"Ulikwenda kwa Mwalimu?"

"Nilikwenda kumwomba. Mwanangu alihama hapa nyumbani, akaenda kukaa kwa rafiki yake. Mwalimu alimwambia ngozi yake inamkataa mama yake. Eti hasira zangu, hofu yangu, kumwambia kila saa usijikune, ndivyo vinavyomchoma. Akimwondokea mama, atapona."

"Na wewe ulisema nini?"

"Ningesema nini? Alipona." Alilitamka kama mtu anayetoa mwiba. "Nilimwona sokoni kwa mbali. Mikono mitupu, kafupisha na mikono ya gauni. Ngozi kama ya mtoto wa jana. Mwanangu huyo sikuwahi kumwona hivyo tangu azaliwe. Nikajificha nyuma ya magunia, baba. Nikasema nisije nikamgusa kwa macho, vidonda vikarudi."

Koplo aliacha kuandika.

"Nilimlea kwa mikono hii. Baba yake alishindwa na vilio, akaondoka. Mimi nilimfunga, nikamfungua, nikamkata kucha, nikamkesha. Halafu kumbe mimi ndiye ugonjwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini huo wa kuambiwa wewe ndiye uchungu wenyewe, sijui nani anaujua."

"Siku ile ilikuwaje?"

"Nilimwambia Mwalimu, mruhusu aje hata mara moja. Nitakaa mbali. Sitaongea. Akanitazama kwa huruma, hakunitukana. Akasema, 'Mama, ukimpenda kweli, usimtafute tena. Hata ukiumwa usimwite.' Akaniambia nifumbe macho, nipumue, nimwachilie. Akalala mwenyewe mkekani kunionyesha. Akafumba macho." Alivitazama vidole vyake. "Nilifumba na mimi. Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Pumzi ikagoma. Mchi ulikuwa pale."

"Halafu?"

"Halafu nikaona damu. Nikapiga kelele watu waje, lakini ile mvua yake ilikuwa kubwa, au sauti yangu ndogo, sijui. Kwenye mkoba nilikuwa nimemchukulia mwanangu bendeji. Hazikuwa na kazi tena, ila nilikuwa nimezichukua. Nikachota maji. Sikujua kufunga vingine. Nikamfunga kama ninavyojua. Alikuwa akipumua polepole, halafu akaacha."

Inspekta alitoa pingu, akaziangalia, akazirudisha mfukoni.

"Twende, mama," alisema.

"Nifunge dirisha kwanza. Vumbi litaingia."

Alama za vidole kwenye mchi zililingana na zake. Jalada lilikamilika, na mkuu wa kituo akampongeza Inspekta mbele ya wenzake. Yeye alihisi kama mtu aliyepewa zawadi msibani.

Ripoti ya maabara ilichelewa, kama kawaida. Ilipofika, mama yule alikwisha pelekwa mahabusu. Inspekta aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena. Mafuta ya Mwalimu yalikuwa na majani kidogo na steroidi kali sana, dawa ya kuzima uvimbe wa ngozi ambayo hospitali huitoa kwa kipimo kidogo na kwa maonyo.

Mpokezi hakubishana. "Nilimsaidia kuchanganya," alisema huku akilia. "Alisema ni ngazi tu, ya kumpandisha mgonjwa mpaka pumzi imshike. Alisema akishapanda, ngazi haina kazi."

"Na anayeacha ghafla?"

"Hakuna aliyeacha, afande. Mpaka mlipofunga chumba."

Inspekta alilikumbuka kabati la vielelezo, vikopo vyote ndani, na kufuli lake mwenyewe mlangoni.

Alikwenda mahabusu. Mama yule aliletwa, akaketi mbele yake.

"Mama, nina jambo. Sijui kama nikikwambia nakusaidia au nakuua."

"Sema tu, baba."

"Mwanao hakupona kwa kukuondokea. Mafuta yale yalikuwa na dawa kali ya hospitali. Ilizima moto, haikutoa kuni. Angekaa nawe, angepona vile vile. Angekaa kwa yeyote, angepona vile vile."

Alimtazama bila kupepesa. "Kwa hiyo sikuwa mimi?"

"Hukuwa wewe."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Uso wake ukafunguka. Kwa mara ya kwanza Inspekta aliona alivyokuwa amefanana na watu wengine, wenye watoto, wenye nyumba. Kisha mama akakumbuka alipo, na kwa nini yupo hapo, na uso ukaporomoka. Akaanza kulia bila sauti, huku akijikanda kifua, na mlinzi akatazama pembeni.

"Yule mtu naye," alisema mwishowe. "Alikuwa na mama?"

"Alikuwa naye. Yu hai."

Aliinuka, akamfuata mlinzi.

Jioni Inspekta alipitia hospitali kuu. Binti alikuwa wodini, amelala kifudifudi, mgongo wazi, mwekundu kama uliomwagiwa uji wa moto. Dawa ilipokatika mwilini, ugonjwa ulirudi na ndugu zake. Daktari alikuwa ameshamwambia kuhusu mafuta. Habari za mama yake binti alikuwa amezipata tangu siku ya kwanza.

"Nililala, Inspekta," alisema bila kugeuka. "Hamuwezi kujua. Nililala mpaka asubuhi bila kuamka kujikuna. Ningeambiwa ni jua ndilo linaloniumiza, ningelichukia jua."

"Najua," alisema Inspekta.

"Nimwone mama."

"Nimeomba. Wamekataa. Nitaomba tena."

"Wakikataa tena?"

Inspekta aliijua sheria kifungu kwa kifungu, na hapakuwa na kifungu cha hilo.

"Inawaka," alisema binti. Alikuwa ameng'ata mto. "Jamani, inawaka."

Inspekta aliita muuguzi. Muuguzi alikuwa upande wa pili wa wodi, akasema anakuja. Inspekta akatazama huku na huku. Kando ya kitanda palikuwa na boksi tupu la glavu. Akalichana, akalikunjua, akaanza kuupepea mgongo ule taratibu, akiwa mwangalifu asiuguse.

Binti akauachia mto aliokuwa ameung'ata.

Muuguzi hakuja upesi. Mkono wa Inspekta ulipochoka, akabadili mkono.