Niangalie Mara Moja Tu

Mchana ule joto la jiji la Daegu lilikuwa linapenya mpaka kwenye soli za viatu, lakini mabenchi ya tambi katikati ya Soko la Seomun yalijaa kama kawaida, watu wamebanana kiwiko kwa kiwiko. Tak Daon alijipenyeza mwishoni mwa benchi, gauni lake la kitani la rangi ya pichi amelikusanya magotini, nywele amezibana kwa kalamu. Alikuwa muuzaji wa duka la vitambaa ghorofa ya juu, na muda wake wa kula ulikuwa mfupi.

Kushoto kwake alikaa kijana mwenye shati la bluu lililolowa jasho mgongoni.

"Kaka, una maua begani," Daon alimwambia.

"Meupe au mekundu?"

"Meupe."

"Basi ya msiba hayo. Mekundu yangekuwa ya harusi. Asubuhi nimepeleka mashada ya kote kuwili."

"Kaa mbali na bakuli langu, tafadhali."

Kijana alicheka mpaka akapaliwa. Mama muuza tambi akampiga mgongoni kwa mwiko. "Kula kwanza, utatongoza baadaye!"

Baada ya muda kijana aliondoka mbio, na Daon aliponyoosha mkono kuchukua simu yake akakuta si yake. Kwa simu ile ile alipiga namba yake mwenyewe.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Mwizi wewe, uko wapi na simu yangu?"

"Naendesha gari, dada. Mwizi gani tena? Hii simu si… Ala! Huyu paka kwenye kioo si wangu."

"Irudishe."

"Naleta. Ila uniambie jina lako kwanza."

"Nikikataa?"

"Basi paka atahamia kwangu."

Hakuna kati yao aliyejali kwamba mmoja alikuwa kwenye usukani katikati ya jiji. Kijana yule, Ma Gibeom, alisema "naendesha gari" kama mtu anavyosema amekaa kwenye kiti.

Wakapendana. Gibeom aliishi ndani ya kirikuu chake, kigari cha kusambazia maua, kutoka kumbi za harusi mpaka vyumba vya msiba vya hospitali, kwa hiyo mapenzi yao yalikulia barabarani. Simu ilikaa kwenye kishikio kando ya usukani, na sauti ya Daon ilijaa ndani ya gari pamoja na harufu ya maua.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula andazi la maharage. Nimekumiss kuliko andazi."

"Unanilinganisha na andazi?"

"Lilikuwa la moto, bibie."

Siku moja ya mvua kubwa Daon alimpigia mara nyingi, Gibeom hakupokea. Jioni Daon alimfuata karakana ya maua, uso umemvimba.

"Ulikuwa na nani?"

"Nilikuwa na mvua, Daon! Sikuona hata mbele."

"Kusema 'nitakupigia' kunachukua muda gani? Mimi natetemeka hapa nadhani umekufa."

"Haya, yaishe. Ukipiga, napokea. Hata iweje."

Na akawa anapokea, hata iweje.

Majira ya kuchipua, wazazi wa pande zote mbili walikubaliana kukutana kupanga harusi. Daon alikwenda kwa mshonaji kujaribu vazi lake: koti fupi la njano, sketi pana ya rangi ya zabibu iliyomfanya aonekane kama anaelea. Alijitazama kiooni akajiona mzuri, na uzuri ule hakutaka kuuona peke yake. Akapiga simu ya video.

"Daon, niko njiani, nina mashada mawili nyuma."

"Niangalie mara moja tu, halafu nakata. Koti hili la njano au nichukue la kijani?"

"Geuka kidogo… Wee mtoto, unataka kuniua…"

Ukasikika mshindo. Haukuwa mkubwa, ulikuwa mzito, kama gunia linavyoangushwa. Breki zililia baadaye. Picha ikaruka, ikatulia kwenye dari la gari, na Daon, ndani ya vazi la njano, akasikia mlango ukifunguliwa na sauti ya mpenzi wake ikiita, "Mama? Mama, amka. Mama, nakuomba."

Hakuna aliyemwitikia.

Aliyekufa alikuwa mke wa Bwana Guk, fundi saa aliyestaafu. Alikuwa anavuka kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, anatoka kukamua ufuta, na chupa ya mafuta ilipasukia pale barabarani. Wiki nzima kivuko kile kilinukia kama jiko la mtu.

Polisi walimwita Daon. Gibeom alikuwa amekwishaeleza kwamba simu ilikatika kabla hajafika kwenye taa, na kwamba yule mama alivuka taa ikiwa nyekundu kwake. Kamera ya gari ilikuwa mbovu tangu majira ya baridi, na hapakuwa na shahidi.

"Simu ilikatika kabla, si ndiyo?" askari aliuliza.

Daon aliyaona macho ya Gibeom kule ukumbini, mekundu, yakimwomba.

"Ndiyo," alisema.

Kuanzia hapo simu zao zikawa fupi.

"Umelala?"

"Kidogo. Wewe?"

"Kidogo."

Kila mmoja alimwelewa mwenzake vibaya. Daon aliamini kwamba Gibeom anamlaumu moyoni kwa sababu yeye ndiye aliyepiga. Gibeom naye aliamini kwamba Daon anamwona muuaji, ila anaona huruma kumwacha. Mkutano wa wazazi uliahirishwa, ukaacha kuzungumzwa. Gibeom alikonda. Akisikia harufu ya mafuta ya ufuta mgahawani alitoka nje na kusimama ukutani akihema.

Pale kwenye kivuko likatundikwa bango la kitambaa: NAMTAFUTA ALIYEIONA AJALI. MKE WANGU HAKUVUKA TAA NYEKUNDU. Chini yake namba ya simu.

Daon alilipita akienda kazini. Alijaribu njia nyingine, lakini hata huko alikuwa analiona kichwani. Asubuhi moja ya upepo alimkuta mwanamume mwenye nywele nyeupe amepanda kistuli, anahangaika kufunga kona ya bango iliyofumuka.

"Binti, nishikie hapa, tafadhali."

Daon alishika.

"Mzee, kuna aliyepiga?"

"Wanapiga walevi. Wanapiga wauza bima." Aliuma kamba kwa meno, akaikaza. "Polisi wanasema alivuka vibaya. Mke wangu alikuwa anasubiri taa hata barabara ikiwa tupu, na mimi nilikuwa namcheka. Sasa wameandika kwamba amejiua kwa haraka zake. Haraka gani? Alikuwa anarudi nyumbani kunipikia."

Daon alibaki ameshika kitambaa hata baada ya kamba kukazwa. Aliinama mpaka chini, akaondoka mbio.

Alimkuta Gibeom karakana, amekaa kati ya maua meupe.

"Simu haikukatika," Daon alisema.

"Nyamaza."

"Ulikuwa unaniangalia mimi. Taa uliiona?"

"Sikuiona taa," Gibeom alisema. "Wala yeye sikumwona. Nilikuona wewe tu, na koti la njano. Nilisema nyekundu kwa sababu askari aliuliza, nikaona ndiyo mlango wa kutokea."

"Na mimi nikakufungulia."

"Daon, nitafungwa."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuambia uangalie. Mimi ndiye niliyenuna mpaka ukaapa kupokea. Lakini yule baba anafunga bango kwa meno, Gibeom! Nakwenda polisi. Nataka twende wote."

"Kwa hiyo umechoka na mimi. Sema tu."

"Ningechoka ningekuwa nimeshakimbia!"

"Nenda basi. Nenda ukaniuze."

Alikwenda peke yake. Alilia njia nzima, na mbele ya askari akayasema yote, hata neno la mwisho lililosikika kabla ya mshindo. Gibeom alipoitwa hakubisha. Jaji alimpa kifungo cha mwaka na nusu.

Miezi ya mwanzo Gibeom alikataa kuonana na Daon. Daon alikuwa anapanda basi mpaka gerezani, anaambiwa hataki, anarudi. Theluji ilipoanza, siku moja mlango wa chumba cha wageni ukafunguka, na Gibeom akaingia, kichwa kimenyolewa, akakaa upande wa pili wa kioo.

"Umevaa viatu vyepesi," alisema. "Nje kuna barafu."

"Hivyo ndivyo unavyonisalimia?"

"Nilikasirika sana, Daon. Halafu usiku mmoja nikalala. Usingizi kabisa, mpaka asubuhi. Nikajua ni kwa sababu yako." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Usinisubiri lakini. Wewe bado kijana."

"Sijakuuliza ushauri. Ukitoka, tunaoana. Bila ukumbi. Unataka au hutaki?"

Alilia kwanza, ndipo akasema, "Nataka."

Alipotoka, hawakwenda kwanza kwa wazazi. Walikwenda kwa Bwana Guk, ghorofa ya pili ya nyumba ya matofali, wote wamevaa nguo nyeusi. Mzee alifungua mlango, akawatambua. Walipiga magoti pale pale kwenye ngazi, vipaji vya nyuso vikagusa sakafu ya baridi. Aliwaacha wainame.

"Inukeni," alisema hatimaye. "Jina lake limesafishwa, nimesikia. Bango nimelitoa." Aliwatazama mmoja mmoja. "Sina la kuwaambia. Msamaha sijaupata wa kuwapa. Ninachoona tu ni kwamba nyinyi mmekuja wawili, na mimi nimefungua mlango peke yangu."

Akafunga mlango polepole, bila kuubamiza.

Walishuka ngazi. Barabarani walitembea wameachana, mmoja upande huu wa njia, mwingine upande ule, kwa sababu dirisha la Bwana Guk lilitazama mtaa ule wote. Mpaka walipokata kona, wakawa hawaonekani tena, ndipo Daon aliponyoosha mkono, na Gibeom akaushika.