Saa Tano Zisizo na Kosa

Fundi saa alikuwa na kipimo chake. Akimaliza kutengeneza saa, hushika kifundo cha mkono wake kwa vidole viwili na kuhesabu mapigo. Dakika moja ya saa hiyo, mapigo sabini. Yakitimia, saa ni nzima. Kwa miaka arobaini moyo wake ulikuwa bosi wa saa zote za mtaani.

Jumatatu moja bosi akachafua hesabu. Mapigo mawili, kimya. Matatu ya mbio, kimya tena.

"Saa hii inachechemea!" alisema fundi, akaifungua upya. Ya pili nayo ikachechemea. Kufikia adhuhuri, saa tano za watu zilikuwa matumbo nje.

Mkewe alileta chai, akashika kiuno. "Baba watoto, saa tano zimeugua siku moja?"

"Vumbi tu."

"Vumbi! Labda mgonjwa ni daktari wao."

Fundi viatu wa kibanda cha pili alicheka hadi akadondosha nyundo. "Mzee, moyo umeisha betri!"

Muuguzi aliyekuja kuchukua saa yake hakucheka. Alimshika fundi mkono dakika nzima.

"Mzee wangu, saa hazina kosa. Moyo wako ndio unapiga bila mpangilio."

"Mimi? Mbona siumwi popote!"

"Wengi hawaumwi, ndiyo maana hawajijui. Ni wengi kuliko tunavyodhani, na umri ukienda wanaongezeka. Kwenye nchi zilizopima watu wake, kati ya waliopita miaka themanini, karibu mmoja katika kumi ana ugonjwa huu. Hatari yake ni damu kuganda moyoni. Bonge likipanda kichwani, ni kiharusi."

Fundi aliitazama mikono yake, mikono iokotayo skrubu ndogo kama chembe ya mchanga. Kiharusi kikiipoozesha, atabaki kuwa nani?

"Kofia yangu iko wapi?" aliuliza.

Hospitalini walimbandika nyaya kifuani, mashine ikayachora mapigo ya moyo wake kwenye karatasi. Daktari akampa dawa ya kuzuia damu kuganda na nyingine ya kutuliza mbio.

Siku hizi saa anazipima kwa saa nyingine. Vidole vyake vina kazi mpya aliyofundishwa na muuguzi. "Mkono kwanza, saa baadaye!" huwaambia wazee, na anayemtia shaka humtuma hospitali.

Mkono wa tisa ulikuwa wa fundi viatu, aliyekuja kumtania. Mapigo mawili. Kimya. Matatu ya mbio.

"Jirani," fundi alisema polepole, "funga kibanda, nikusindikize. Hata wewe betri inahitaji kuangaliwa."