Raba za Pikipiki ya Kalinzi

Jua lilikuwa linazama Jeremia, mdogo wangu, alipoisukuma pikipiki yake hadi kijiweni kwangu, Gungu. Aliinunua Kalinzi, kule milimani, ikiwa chakavu, na tangu siku hiyo alikuwa anakonda. Suruali aliifunga kwa kamba.

"Kaka Dismasi, inagonga nyuma," alisema. "Na hata nikiwa peke yangu inalemea. Kama nimepakia mtu."

Nilimcheka. Vijana wa bodaboda wakikosa usingizi husingizia majini, na mimi fundi naamini spana. Lakini macho yake yalikuwa yameingia ndani, na ndiye ndugu pekee niliyebakiwa naye. Nilimwogopea. Nikamwambia haondoki mpaka ipone.

Nilitikisa gurudumu la nyuma.

Ko... ko...

Raba za hab zimekwisha, nikajua. Ndizo zinazokaa kati ya sproketi na gurudumu kupokea mshtuko wa mnyororo. Zikilika, pikipiki inagonga kila ukiondoka. Nikafungua.

Harufu ya maziwa yaliyochacha.

Katikati ya raba palikuwa na vipande vya kitenge, vimekunjwa na kushonwa kwa uzi mweusi. Sikushtuka. Sisi mafundi, raba zikilegea na mpya hazipo, tunajazia vipande vya tyubu ili zibane. Nikadhani mwenzangu wa Kalinzi alikosa tyubu. Nikavitoa vyote, nikaweka raba mpya. Uchafu wote nikautupa kwenye kopo ambamo mke wangu, Frida, huchukua raba za kuwashia mkaa. Nyumba yetu iko nyuma tu ya kijiwe.

Jeremia alizunguka nayo kidogo, akarudi anacheka. "Nyepesi, kaka."

Akaondoka kwenda Bangwe kutafuta abiria. Moyo wangu ukatulia, nikaanza kunawa grisi mikononi.

Nikasikia hatua... taratibu... zikasimama.

Alikuwa mwanamke, bado kijana, miguu imejaa vumbi jekundu la milimani. Begani alikuwa na kitenge kilichochanwa pindo.

"Mwiriwe," alinisalimu kwa Kiha, akinong'ona.

"Mwiriwe, dada. Karibu."

"Nimepishana na pikipiki yetu. Nyuma hakuna mtu." Alinisogelea. "Fundi, umemshusha wapi?"

Niliacha kunawa. "Nani?"

"Mwanangu. Tulikuwa tunamkimbiza hospitali, akafia mgongoni kwangu, juu ya pikipiki ile. Sikutaka aende. Kitenge nilichombebea nikampelekea mganga, akamfungia humo, akamkalisha palepale. Mume wangu hakujua, akaiuza pikipiki." Alimeza mate. "Nipe vile vipande. Usije ukavichoma. Vikiungua atatafuta mgongo mwingine."

Niligeukia kopo.

Lilikuwa tupu.

Nilikimbia. Moshi mweusi ulikuwa umetanda uani, unanuka raba na maziwa. Frida alikuwa ameinama juu ya jiko, anapepea, jasho linamtiririka.

"Afadhali umekuja," alisema bila kugeuka. "Nipokee mtoto. Leo kanilemea, sijui amekula nini."

Mtoto wetu, Ziada, alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mlango. Nilimwona akipumua.

Mgongoni kwa Frida kitenge kilikuwa kimefungwa. Kimevutika chini. Kimejaa.

Yule mwanamke alinipita, akanyoosha mikono na kuita kwa upole, kama anayemwamsha mtoto aliyesinzia.

"Njoo kwa mama... Njoo, turudi nyumbani."

Kitu ndani ya kitenge kikajisogeza. Kikamwegemea Frida zaidi.

Pepeo ikamponyoka mke wangu mkononi.

"Dismasi," alisema polepole. "Mbona ananishika shingo?"