Mwanga Kutoka Dungu la Pili

Jua lilikuwa linazama kijijini Robanda, kando ya hifadhi ya wanyama, Agustina alipoingia dukani kwa Felix kutafuta betri ya kuchaji ya tochi yake. Felix, ambaye hauzi hata kiberiti bila kukuhutubia, aliweka mbili mezani.

"Hii inamulika mpaka huko hifadhini, mama, ila ikiwaka kwa saa mbili tu, chali. Hii nyingine mwanga wake wa kawaida, lakini inakesha na wewe."

Agustina alizitazama, moyo ukamuuma. Mwaka jana alinunua ile yenye mwanga mkali. Alilinda mahindi kwenye dungu la huku, jukwaa refu la miti, na mumewe Simoni kwenye dungu la ng'ambo ya shamba, wakisalimiana kwa tochi kama walinzi wengine: mmoja anawasha mara mbili, mwenzake anajibu mara mbili. Ukiitwa mara tatu usijibu, mwenzako anashuka kuja kukuangalia. Betri ya Agustina ilizima. Simoni akashuka. Tembo wakamkanyaga yeye na tochi yake, wakasaga vyote.

Mwaka huu hakuna wa kumsalimia, na mahindi ndiyo chakula pekee cha yeye na binti yake Irine. Tembo hawafukuzwi kwa mwanga wa kubembeleza. Akachukua ile kali tena.

Tembo watano walikuja saa nne usiku. Aliwamulika machoni huku akipiga debe, mpaka wakageuka. Shamba lilipona. Agustina akashusha pumzi, akamshukuru Mungu, hata akacheka kidogo peke yake.

Ndipo dungu la ng'ambo likawaka.

Mara mbili.

Kule hakukuwa na mtu. Hata ngazi yake alishaichoma kuni. Lakini mkono una mazoea yake. Kabla hajafikiri, alishajibu mara mbili. Palepale tochi yake ikafifia, ikawa ya njano, ikazima.

Kule ng'ambo kukawaka tena. Agustina alibonyeza, akaipiga tochi gotini, akatoa betri na kuirudisha. Wapi.

Mara ya pili...

Mara ya tatu.

Kisha akasikia ngazi ikilia, kidato kwa kidato. Ile ngazi aliyoichoma. Mahindi yakaanza kuchakarika polepole, yakija upande wake. Ikatangulia harufu ya udongo mbichi, na ya sabuni iliyooshea maiti ya Simoni. Agustina aliogopa hadi akajikojolea. Akafumba macho.

Chini ya dungu, sauti ikanong'ona.

"Mama Irine... mbona hujibu?"

Kitu cha baridi kikamgusa kiganja, kikaichukua tochi mkononi mwake.

Alipofumbua macho kumekucha. Tochi ilikuwa mapajani mwake, inawaka, mwanga wa kawaida tu. Akaifungua. Ndani mlikuwa na betri iliyozungushiwa uzi mwekundu, kama Simoni alivyozoea kuifunga yake ili ikae vizuri. Betri iliyosagwa na tembo mwaka jana. Ile mpya hakuiona tena.

Jioni alirudi dukani, macho mekundu. Felix akamtania kwamba kali imemshinda.

"Nipe ya kukesha," Agustina alisema.

"Na tembo je? Hawataiogopa."

"Acha tembo wayale mahindi. Mimi lazima nijibu mpaka asubuhi."

Alipofika ukingoni mwa shamba giza lilikuwa limeingia. Dungu la ng'ambo lilikuwa linamsalimia tayari, kwa mwanga mkali, unaomulika mpaka hifadhini.