Msumeno Usiopiga Hodi

Walisema msumeno bubu umemwangusha mtu pamoja na mti. Huko Ugalla, porini. Walisema wawindaji waliokata mti ule walifungua njia yao wakapita, wala hawakujua kama wameacha mtu chini ya matawi. Nyamizi aliusikia uvumi huo kwenye kituo cha treni-sumaku cha Sikonge, kinywani mwa muuza karanga, na tangu siku hiyo ukamganda kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Kampuni ya msumeno huo ilikanusha redioni. Muuza karanga naye, alipoulizwa mara ya pili, akasema hajui, yeye kasikia tu. Lakini Nyamizi angeupuuzaje, na mwanawe Shija ndiye mshika msumeno wa kambi ya uwindaji?

Basi akaomba kazi ya kupika huko huko kambini. Shija aliona haya.

"Mama, watu watasema nimekuja kuwinda na mama yangu."

"Waseme. Na ugali wangu watakula."

Siku wageni walipofika, Mhandisi Kokubanza wa kampuni iliyotengeneza msumeno ule aliwakusanya ili wauone ukifanya kazi. Kwa kweli ulikuwa kitu cha kushangaza. Betri yake, nyembamba kama kiganja, ilikunywa jua la asubuhi tu ikatosha kutwa nzima. Haukuwa na petroli, wala moshi, wala ile kelele ya chensoo za zamani iliyokuwa ikisikika mpaka kijiji cha pili. Shija alipoubonyeza, mnyororo ulipita kwenye gogo kama kisu kwenye papai, na sauti yake haikuzidi ya mtu anayepepeta mchele.

"Mnaweza kufungua njia, kupasua kuni, kusafisha pa kuvizia, na nyati aliye bwawani asiinue hata kichwa," Kokubanza alisema. Akagusa kioo kidogo juu ya mpini. "Na hili ni jicho-joto. Linapanda mti mzima na kushuka, likitafuta joto la mwili. Likiona mtu, mnyororo unajifunga. Lisipoona, linamnong'oneza mshikaji kwenye kisikizi cha sikioni: mti mtupu."

"Na asiyeonekana je?" Nyamizi aliuliza kutoka jikoni.

"Hakuna asiyeonekana, mama. Kila mwenye damu ana joto."

Mgeni mkubwa wa msafara, Bwana Tesha, akacheka. "Mama Shija anaogopa mashetani."

"Shetani simwogopi," Nyamizi alisema, akikoroga chungu. "Anayekata nisimsikie, huyo ndiye namwogopa."

Wageni wakacheka tena. Hawakujua anasema nini. Kwao Nyamizi, mti hupigwa hodi. Kabla shoka halijauma, unaligeuza, unagonga shina mara tatu kwa kisogo chake. Maana huko juu kwenye matawi ndiko inakoning'inizwa mizinga, na huenda mrina asali yuko kazini. Huyo ukimwita kwa mdomo hasikii. Kichwa kimefunikwa, nyuki wanavuma, na yeye mwenyewe hafungui kinywa asije akawachokoza. Lakini mshindo wa shoka unapita ndani ya mti mpaka kwenye nyayo zake, naye hujibu kwa kugonga tawi. Ndivyo walivyofanya babu zake, ndivyo alivyofundishwa.

Tangu msumeno bubu uingie, hodi ilikufa. Jicho linaona, watu walisema, hodi ya nini? Halafu kugonga kunakimbiza wanyama, na mgeni amelipia nyati.

Kesho yake asubuhi nyati walikuwa bwawani. Wawindaji walijilaza nyuma ya kichuguu wakizungumza kwa vidole. Kati yao na bwawa ulisimama myombo mmoja mnene, majani yamefungana, umeziba shabaha yote. Bwana Tesha akauonyesha kwa kidevu. Shija akainama, akausogelea na msumeno.

Nyamizi alikuwa anawaletea chai, birika mkono mmoja, shoka la kuni mkono wa pili. Alipokaribia, pua yake ikasimama kabla ya miguu.

"Kuna moshi," alinong'ona.

"Ni wa jiko lako, mama," Kokubanza alinong'ona naye. "Nenda."

"Moshi wangu naujua. Huu una gome ndani yake, kama wa warina asali."

Shija alikuwa ameshauweka mnyororo kwenye shina. Jicho-joto likapanda, likashuka. Kokubanza alikuwa na kisikizi cha pili, akatabasamu. "Mti mtupu," akawaambia wageni.

Nyamizi akaweka birika chini. Akapita mbele yao wote wima, kama mtu anayekatiza uwanja wake mwenyewe, akauegemeza mgongo wake kwenye myombo.

"Shija. Anza na mimi."

"Mama! Ondoka hapo, utanifukuzisha kazi!"

"Nitakufukuzisha. Nimekuzaa, siwezi kukufukuzisha kazi? Anza na mimi."

"Mtoeni huyu mwanamke!" Bwana Tesha alisema akiuma meno.

Hakuna aliyemuwahi. Nyamizi aligeuka, akageuza na shoka, akagonga. Ko. Ko. Ko.

Bwawa lililipuka. Nyati walitimua, matope yakaruka, ardhi ikatetemeka, na Bwana Tesha akatukana tusi ambalo halikumstahili mtu mwenye nguo za bei ile. Kisha vumbi likatua. Pakawa kimya.

Halafu juu kabisa, ndani ya majani: ko, ko, ko.

Msumeno ulimtoka Shija mikononi.

Kijana mmoja aliteremka kwa kamba, taratibu, ndoo ya asali kiunoni. Alivaa vazi la rangi ya gome lililomfunika kuanzia utosini, na kifuani palikuwa na nembo. Kokubanza aliitazama, akautazama msumeno pale chini. Nembo ilikuwa ileile.

"Vazi-baridi," alisema. "Linameza joto la mwili ili nyuki wasikasirike. Tunawauzia warina asali. Lakini ni kitengo kingine, sisi... hatukuulizana."

"Nyumba moja," Nyamizi alisema, "na hamkupigiana hodi."

Akamgeukia yule kijana. "Baba, yule wa Ugalla. Ni uvumi?"

Kijana alivua kofia.

"Alikuwa kaka yangu," alisema. "Vazi hili ni lake. Nimelishona hapa lilipochanika."

Shija akakaa chini kama mtoto, akajifunika uso.

Kokubanza alimfuata Nyamizi mpaka jikoni. Alikuwa analia, na machozi yake yalikuwa ya kweli, lakini bado alikuja na ombi. "Mama, tupe muda. Tutaliboresha jicho. Ukisema sasa watu wataogopa."

"Waogope."

"Watakufukuza kambini."

"Nilipika kabla ya kambi, nitapika baada yake."

Jioni hiyo walimfukuza. Shija alibeba mizigo ya mama yake, na shoka Nyamizi akalibeba mwenyewe begani. Walipofika penye njia ya kuingilia porini, Nyamizi akachukua bati, akaliandika kwa mkaa, akalipigilia misumari mtini. Kampuni ililing'oa. Akaandika jingine. Wakaling'oa tena. Sasa anatumia rangi, na Shija anampigilia misumari mirefu zaidi.

MAMBO YA KUEPUKA, WEWE UENDAYE PORINI

Usikate mti hujaupiga hodi. Mara tatu, kwa kisogo cha shoka, halafu usubiri.

Usiamini mashine ikikuambia mti mtupu. Muulize mti wenyewe.

Usikate penye moshi usioujua, wala nyuki wakipita kwa wingi njia moja.

Usipande na vazi-baridi kama hujafunga kitambaa chekundu kwenye shina chini.

Usione haya kumgombeza mwanao mbele ya wageni.

Usiache hodi kwa ajili ya nyati. Nyati atarudi kunywa maji.